Mavazi ya Wazee Wetu: Jinsi ya Kuyachunguza na Kuyatengeneza Tena



Katika nchi ya Karatu nyumba nyingi bado zina sanduku la bibi. Ukilifungua waona kanga za arusi, barua za zamani, cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne. Na mahali pengine, chini kabisa, pana sketi ya ngozi iliyoshonewa ushanga, ambayo haijavaliwa siku nyingi. Vijana wakiiona huuliza, “Hii ni nini?” Na yule awezaye kujibu amekwisha kuwa mzee sana, au amekwisha kuzikwa.

Somo la mwezi huu ni juu ya mavazi hayo. Twataka kujua mambo matatu: nguo ya kale yaweza kutuambia nini, yatupasa kuichunguza kwa njia gani, na mtu akitaka kutengeneza nyingine mfano wake, afanyeje ili asiwadanganye watoto wake. Waalimu wa injili na walimu wa shule waweza kulisoma pamoja na washarika, kisha wakajibu maswali yaliyo mwisho.

1. Kosa lililonifundisha

Nitaanza kwa kulikiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mzee alituletea sketi ya marehemu mama yake. Akina mama wa usharika walitaka kutengeneza nyingine iliyofanana nayo, wajukuu waione siku ya sikukuu ya shule. Mimi nilitamani sana kujua uzi wake ni wa namna gani, kano la mnyama au pamba. Nikachukua kisu kidogo, nikakata uzi mmoja mahali palipofichika.

Punde si punde ushanga ukaanza kumwagika. Ulikwenda mstari wa kwanza, ukafuata wa pili, na wa tatu, ukatawanyika mezani na sakafuni. Tuliokota chembe zote, tukazihesabu. Lakini hapakuwa na mtu aliyejua ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Bibi hakunigombeza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, mikono iliyozipanga imekwisha kuoza. Sasa ni nani atakayezipanga?”

Tangu siku ile sishiki kisu kabla ya kushika kalamu. Na yote nitakayoyasema hapa chini yatoka katika aibu ile.

2. Mavazi ni jambo la kale kadiri gani?

Ngozi huoza, na nguo huliwa na mchwa. Kwa hiyo vazi la kwanza la wanadamu halitaonekana kamwe. Lakini wataalamu wamepata njia ya kuzunguka. Kuna chawa wa namna mbili: mmoja hukaa katika nywele za kichwa, wa pili hutaga mayai katika nguo. Huyu wa pili hangeweza kuwapo kabla watu hawajaanza kuvaa. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walilinganisha urithi wa chawa hao wawili, wakaona kwamba wametengana tangu zamani zisizopungua miaka 83,000, na labda tangu miaka 170,000 iliyopita. Basi hata mdudu wa kuchukiza ana ushahidi wake.

Karibu nasi zaidi liko pango la Mumba, kando ya Ziwa Eyasi, katika wilaya yetu ya Karatu. Lilichimbwa katika miaka ya 1930 na Wajerumani wawili, Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit; tena katika miaka ya 1970 na Mmarekani Michael Mehlman. Humo zimeonekana shanga ndogo za mviringo, zilizochongwa kwa ganda la yai la mbuni na kutobolewa katikati. Nyingine zina umri wa makumi ya maelfu ya miaka. Ngozi na uzi wake vimepotea, zimebaki shanga tu. Aliyezichonga alikaa kitako siku nyingi, akasugua ganda juu ya jiwe, kwa sababu alitaka kupendeza. Kwa hiyo tusidhani kwamba watu wa kale walijifunika kwa ajili ya baridi tu. Tangu mwanzo vazi lilikuwa ni neno pia: lilisema huyu ni nani, naye ni wa watu gani.

3. Sketi ya Wairaqw

Sasa na tuje kwa sketi iliyo sandukuni. Wairaqw, ambao kwa Kiswahili waliitwa sana Wambulu, husema lugha ya Kikushi, iliyo mbali na lugha za Kibantu na hata na Kimasai. Nchi yao ya kale ni milima ya Irqwa Da'aw katika Mbulu. Katika karne ya 20 wengi walishuka na kuenea mpaka Karatu, wakalima mahali ambapo zamani palikuwa malisho.

Zamani wasichana wa Kiiraqw walikuwa na unyago ulioitwa marmo. Walitengwa kwa muda mrefu, wakafundishwa na wanawake wakubwa mambo ya utu uzima. Humo ndani kila msichana alishona sketi yake: ngozi iliyolainishwa, juu yake mistari, duara na pembetatu za ushanga wa kioo, na mara nyingi njuga au vipande vya chuma vilivyolia alipotembea. Siku ya kutoka, watu waliona kwa macho kazi ya miezi mingi. Marmo ilikoma wakati wa utawala wa Waingereza. Sketi zilidumu kidogo, zikavaliwa katika arusi. Kisha gauni na kanga zikachukua mahali pake. Nyingi zilinunuliwa na wageni, na leo zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mtoto wa Karatu akitaka kuona sketi nzuri ya bibi yake, pengine ni rahisi kuiona katika picha iliyotoka ng'ambo kuliko katika kijiji chake.

4. Jihadhari na neno “kale”

Hapa wengi hujikwaa. Twasema “mavazi ya kale” kana kwamba kale ni siku moja. Lakini kale ina ngazi nyingi.

Tazama ndugu zetu Wamasai wa Ngorongoro. Mgeni akiona shuka nyekundu yenye mistari husema, “Hili ndilo vazi lao tangu mwanzo.” Sivyo. Wasafiri walioandika habari zao mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, kama Joseph Thomson aliyepita mwaka 1883 na 1884, na Moritz Merker aliyetoa kitabu chake mwaka 1904, waliwakuta wakivaa ngozi za mbuzi, kondoo na ndama. Nguo za pamba zilikuwa zikiingia kidogo kidogo kwa njia ya misafara. Shuka nyekundu za kiwandani zilienea katika karne ya 20. Na mwaka 1967 na 1968, serikali katika mkoa wa Arusha ilipowashurutisha Wamasai waache mavazi yao na kuvaa suruali na magauni, nguo iliyoitwa ya kizamani ilikuwa mara nyingi ni shuka iliyofumwa kwa mashine. Walioikataza na walioitetea walisema sawasawa kwamba ni ya kale.

Hata mapambo yamebadilika. Katika picha za zamani wanawake wa Kimasai wamevaa waya nyingi, iliyozungushwa mikononi na miguuni mpaka imekuwa kama soksi ya chuma. Mikufu mipana ya ushanga mdogo, ambayo leo twaijua sana, ilizidi baadaye, ushanga ulipopatikana kwa wingi. Kwa hiyo mtu akisema, “Nataka kutengeneza vazi la Kimasai la kale,” muulize kwanza, “La mwaka gani, na la mtu wa umri gani?” Asipoweza kujibu, hajawa tayari kukata ngozi.

5. Vitu vya biashara ni kama kalenda

Vazi halina tarehe iliyoandikwa, lakini lina mashahidi.

Shahidi wa kwanza ni ushanga. Ule wa kioo ulitoka hasa Venezia katika Italia, na baadaye Bohemia, nchi ya Wacheki. Ulishushwa Unguja na katika bandari za pwani, ukapandishwa bara kwa vichwa vya wapagazi. Wala watu wa bara hawakupokea ushanga wowote tu. Kila nchi ilikuwa na rangi yake na ukubwa wake ipendao, na mwenye msafara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikula hasara. Kwa hiyo rangi zilizo katika sketi hazikuja kwa bahati, zilichaguliwa.

Shahidi wa pili ni uzi. Kano la mnyama ni la kale. Uzi wa pamba ulikuja na biashara. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935 tu. Ukikuta nailoni katika sketi, usiseme mara moja kwamba sketi ni mpya. Angalia matundu. Kama uzi wa nailoni umepita katika matundu ya zamani yaliyopanuka, na sehemu nyingine zimeshonwa kwa kano, basi mtu aliitengeneza ilipochakaa. Kiraka nacho kina habari yake: chaonyesha kwamba vazi lilipendwa.

Shahidi wa tatu ni sarafu. Wajerumani walitoa heller zenye tundu, na Waingereza senti zenye tundu, na watu wengi walizitunga kama mapambo. Sarafu ina mwaka wake. Ikiwa imeandikwa 1924, basi ilishonwa mwaka ule au baadaye, haikuweza kushonwa mwaka 1910. Lakini kumbuka: sarafu yaonyesha mwanzo tu, haionyeshi mwisho. Senti ya 1924 yaweza kushonwa hata mwaka 1950.

Shahidi wa nne ni picha, naye yataka ahojiwe kwa uangalifu. Picha za nyakati za Wajerumani ni nyeusi na nyeupe. Tena vioo vilivyotumika siku zile vingi havikuiona rangi nyekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, na samawati ilitoka kama nyeupe. Mtu akitazama picha hiyo aweza kusema, “Hapa pana ushanga mweusi,” kumbe ulikuwa mwekundu kama damu. Katika picha jifunze urefu wa nguo, namna ya kufungwa, na mahali pa mapambo. Lakini rangi usizitafute humo.

6. Njia ya kuchunguza

Basi ukiletewa vazi la kale, fuata utaratibu huu.

Kwanza, nawa mikono, kisha ukaushe. Tandika kitambaa safi cheupe juu ya meza pana, ulaze vazi juu yake. Usilitundike, maana uzito wa ushanga huchana ngozi kavu.

Pili, usilifue, usilipige pasi, wala usilipake mafuta. Ukiona ukungu wa kijani karibu na njuga za shaba, usiukwangue kwa kisu. Mafuta ya ngozi na shaba yamekutana, na ngozi ya mahali pale ni dhaifu. Andika tu kwamba umeuona.

Tatu, chora. Picha ya simu ni nzuri, lakini haitoshi, kwa sababu jicho halihesabu linapopiga picha. Pima upana na urefu. Hesabu chembe za ushanga katika kila mstari, uandike rangi zake kwa zamu: nyeupe tano, nyekundu mbili, samawati tano. Kazi hii yachosha, lakini ndiyo ingaliniokoa mimi.

Nne, geuza upande wa ndani. Nje twaona uzuri, ndani twaona kazi. Hapo utajua uzi ulipoanzia, fundo lilipo, na kama mkono mmoja ulishona yote au wawili walisaidiana.

Tano, waulize wazee, wala usimwulize mmoja tu. Uliza: Ni nani aliyeishona? Aliivaa lini? Aliifunga namna gani? Ilisikika namna gani alipotembea? Andika maneno yao kwa lugha yao kwanza, kisha kwa Kiswahili. Usiwatie jibu kinywani. Ukisema, “Duara hii ni jua, sivyo?” mzee mwenye adabu atakuitikia, “Ndiyo, mwalimu,” na kesho utaandika kitabu kizima juu ya jua ambalo halikuwapo.

Tena iko mipaka. Mambo ya marmo yalikuwa siri ya wanawake. Bibi akisema, “Hili halisemwi,” basi limekwisha. Na mwalimu mwanamume afadhali amwachie mama mwenye kujua kuandika kazi ya kuuliza.

7. Njia ya kutengeneza tena

Akina mama wetu walianza kwa haraka. Walinunua ngozi nene ya ng'ombe dukani, shanga za plastiki na uzi wa nailoni. Baada ya wiki mbili wakamaliza. Msichana alipoivaa, ilisimama wima kumzunguka. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka: “Hii yasimama kama debe! Ya mama yangu ilicheza.”

Neno lile moja lilitufundisha kuliko vipimo vyote. Vazi si sura tu, ni mwendo pia, na uzito, na sauti. Tukaanza upya.

Kwa desturi ya wafugaji wa nchi hizi, ngozi mbichi huwambwa chini kwa vigingi mpaka ikauke. Kisha nyama iliyobaki hukwanguliwa na manyoya hunyolewa. Kisha hupakwa samli na kufikichwa kwa mikono siku baada ya siku, mpaka ilegee kama kitambaa. Vijana walidhani ni kazi ya siku moja. Walipofika siku ya sita mikono iliwauma, wakaanza kumtazama bibi kwa heshima mpya.

Ndipo tukafanya kipande cha kujaribu, upana wa kiganja, kabla ya kugusa ngozi yenyewe. Nasi twawashauri wote wafanye hivyo. Kipande kile kilituonyesha kwamba tundu lililotobolewa kwa chuma chembamba chenye ncha hujifunga na kuushika uzi, lakini tundu la msumari mnene huachia. Kilituonyesha pia kwamba ushanga wa kioo huivuta ngozi chini kwa uzito wake, na ndiyo sababu sketi hucheza. Plastiki ni nyepesi mno.

Baadhi ya vitu hatukuvipata. Kano lilitushinda, tukatumia uzi wa pamba uliopakwa nta. Si dhambi kutumia kitu kingine. Dhambi ni kukificha. Kwa hiyo kila vazi jipya liwe na karatasi yake, yenye sehemu tatu: mambo tuliyoyaona katika vazi la zamani, mambo tuliyoambiwa na wazee, na mambo tuliyoyakisia wenyewe. Karatasi hiyo ishonwe ndani ya vazi, isipotee.

Na ile mistari mitatu niliyoiharibu? Wengine walisema tuijaze kwa kufuata mfano wa mistari ya jirani, nani angejua? Bibi alikataa. Basi katika sketi mpya mistari ile mitatu ni myeupe mitupu, na katika karatasi imeandikwa sababu yake, pamoja na kosa langu. Watoto wakiiona huuliza kwanza juu ya mistari ile. Nami huwajibu kweli.

8. Je, kazi hii yafaa?

Wako waliouliza kama twafaa kushona tena vazi lililoambatana na unyago. Neno hili lisidharauliwe. Kwa wazee wengine kuliacha vazi la ngozi kulikuwa ni kuacha maisha fulani, nao waliliacha kwa kutaka. Wengine hawakutaka, bali walichekwa mpaka wakaona haya. Yatupasa kuwasikia wote wawili. Lakini kujua si kurudi nyuma. Kushona sketi si kurudisha marmo, kama vile kusoma habari za vita si kupigana.

Iko hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Mfanyabiashara alikuja kijijini, akatoa fedha kwa sketi ile ya zamani. Mjukuu alitaka iuzwe, maana karo ya shule ilikuwa haijalipwa. Wala shida yake haikuwa ya uongo. Familia ilikaa siku mbili ikishauriana. Mwisho bibi alisema, “Mkiuza hii ya mama, mtakuwa na fedha mpaka Desemba. Wauzieni watalii mnazoshona nyinyi.” Ndivyo ilivyokuwa. Sketi mbili mpya, kila moja na karatasi yake, ziliuzwa kwa wageni waliokuwa wakienda Ngorongoro, na karo ikalipwa. Ya zamani imerudi sandukuni, imefungwa katika shuka safi ya pamba, si katika mfuko wa plastiki unaotoa jasho. Na kila miezi michache hufunguliwa na kukaguliwa kama wadudu hawajaingia.

Bibi yule amefariki. Lakini wasichana watatu wajua sasa kulainisha ngozi, na mmoja wao ajua kusoma mchoro wa mistari yote, isipokuwa ile mitatu.

Basi, wasomaji, fungueni masanduku yenu maadamu bado yuko wa kuulizwa. Chukueni kalamu kwanza.

Maswali ya kujifunza

1. Chawa na shanga za Mumba zatufundisha nini juu ya mavazi yaliyokwisha kuoza?
2. Kwa nini si sawa kusema tu “vazi la kale la Kimasai”?
3. Sketi ina sarafu ya mwaka 1924. Tujue nini kwa hakika, na nini hatuwezi kujua?
4. Kwa nini rangi zisitafutwe katika picha za nyakati za Wajerumani?
5. Sehemu tatu za karatasi ya vazi jipya ni zipi? Kuna faida gani kuzitenga?
6. Katika kijiji chako ni mzee gani ajuaye kazi ya mikono ambayo vijana hawaijui? Utamwendea lini?